Q Isiyo na U: Namna ya Kusaka Neno kwa Herufi Zake

Kamusi humfaa anayejua neno linaanzaje. Mchezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, hajui. Ana herufi saba zilizovurugika, na anachosaka ni neno lolote la Kiingereza linaloweza kutoka humo, lianze na herufi yoyote ile. Ndiyo maana msomi wa fasihi ya Kiingereza anaweza kupigwa vibaya na kijana wa sekondari aliyekariri orodha ya maneno. Msomi ameyazoea maneno kwa maana zake. Kijana ameyazoea kwa herufi zake, na ubaoni maana haina alama.

Anayebisha amtazame Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali Kifaransa hakisemi. Alikuwa amekariri orodha ya maneno ya lugha hiyo kwa majuma machache tu. Mwaka 2024 akarudia kwa Kihispania.

Sisi wengine tusiojaliwa kichwa cha namna hiyo tunahitaji mbinu. Iliyo bora kuliko zote ndiyo hiyo inayotumiwa na programu za kutafutia maneno, nayo ni nyepesi ajabu: zipange herufi za neno kwa mfuatano wa alfabeti. LISTEN ikipangwa hivyo inakuwa EILNST. SILENT nayo inakuwa EILNST, vilevile ENLIST, TINSEL na INLETS. Maneno matano, anwani moja. Programu imekwisha kulipangia kila neno katika orodha yake anwani. Ukiiandikia herufi zako kwa fujo yoyote, inazipanga, inaenda kwenye anwani hiyo na kukutolea yote yaliyomo. Wachezaji wa mashindano nao hujifunza hivyo hivyo. Huiona EILNST wakayataja yote bila kuhangaika kugeuzageuza vipande.

Anayeanza, na ambaye hajakariri anwani zozote, atafute mikia. Kiingereza kina mazoea ya kumalizia maneno kwa ING, ED, ER na EST. Chukua A, D, E, G, I, N, R. Tenga ING pembeni. Zinabaki A, D, E, R, na READING hiyo imejitokeza. Usitosheke. Zirudishe, sasa tenga ED. Zinabaki A, G, I, N, R, nawe una GRAINED. Kuwa na maneno mawili kunafaa kwa sababu nafasi iliyo wazi ubaoni huenda ikapokea moja na kulikataa jingine, na anayemaliza vipande vyote saba kwa mkupuo huongezewa alama 50.

Sasa tuje kwa Q, herufi inayowatoa watu jasho. Aliyeubuni mchezo huu, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Alihesabu herufi katika magazeti ili ajue ipi inatumika sana na ipi ni adimu. Kati ya vipande 100, E ikapewa 12, Q ikapata kimoja chenye alama 10. Alama hizo ni mtego. Mchezo ukiisha ungali nayo mkononi, unakatwa 10, na mwenzako aliyemaliza anaongezewa hizo hizo. Na Kiingereza cha shuleni kimetufundisha kwamba Q haiendi popote bila U, kwa hiyo mtu hukaa anaisubiri U hadi mchezo unakwisha.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Maneno mengi ya Q isiyo na U yaliingia Kiingereza kutoka Kiarabu, na sisi tunayo nyumbani kwa sura nyingine: QADI ni kadhi, QIBLA ni kibla, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, na QAT, ingawa jina letu ni tofauti, ni mirungi. Yote yamo katika orodha ya Collins, mojawapo ya orodha rasmi za maneno ya Scrabble. Lililo muhimu zaidi, hata hivyo, limetoka China: QI, nguvu ya uhai. Iweke Q kwenye kisanduku kinachozidisha herufi mara tatu, uiunge na I kwa kulala na I nyingine kwa kushuka, na umepata alama 62 kwa neno la herufi mbili.

Na ya kwetu hasa? Yamo pia: BWANA, UGALI, UHURU, MATATU. KANZU peke yake ina alama 18 kwa sababu ya Z. Ila angalia, humo wingi ni wa Kiingereza: KANZUS.

Wordle ni mchezo wa jamii nyingine. Herufi huna, unazifichua, neno la herufi tano kwa majaribio sita, na unaambiwa ipi imo na ipi imekaa mahali pake. Watu wengi hufia kwenye IGHT. Wameshazipata nne za mwisho, wanaanza kubahatisha: LIGHT, NIGHT, RIGHT, hadi nafasi zinaisha, maana bado kuna SIGHT, MIGHT, FIGHT, TIGHT na EIGHT. Toa sadaka jaribio moja. Andika FILMS, neno ambalo unajua si jibu, lakini linapima F, L, M na S kwa pamoja. Moja ikiitika, jibu unalo. Isipoitika hata moja, umefuta manne kwa mpigo. Ukicheza kwa masharti magumu, yanayokulazimisha kutumia kila herufi uliyokwisha kuifichua, njia hii imefungwa, na mimi sioni sababu ya mtu kujifunga hivyo.

Anayetaka kuanza Scrabble leo aachane na maneno marefu kwanza. Ajifunze ya herufi mbili. Katika Collins hayafiki 130, na ndiyo yanayokuwezesha kulibandika neno refu sambamba na jingine. Halafu, kabla ya kugawana vipande, kubalianeni ni orodha ipi mnatumia. Marekani na Kanada wana yao, nchi nyingi nyingine hufuata Collins, na QI yenyewe ilikubaliwa Marekani mwaka 2006 tu.