Maua Tunayo, Majina Je?

Mwezi Mei uliopita, mvua ya masika ikielekea ukingoni, niliangukiwa na kazi ambayo shahada zangu hazikunitayarishia. Mwalimu aliyenifunza Kiswahili katika shule ya upili, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akitimiza miaka 80, na sisi wanafunzi wake wa zamani tukaazimia kumwandalia karamu. Wenzangu waligawana chakula na hema. Mimi, kwa kuwa nina kibustani, nikaachiwa maua: shada moja kubwa la kusimama mezani kwake.

Kibustani hakikutosha. Kilinipa kangaga, mafunjo, bogenvilia, asumini na matawi ya mrihani. Mawaridi niliyafuata City Market, Nairobi. Yamkini yalitoka Naivasha, ambako mashamba hupakia maua ndegeni kila uchao kuelekea Ulaya, mengine yakaishia katika mnada mashuhuri wa Aalsmeer, Uholanzi. Nilinunua pia fungu la maua madogo yenye michirizi kooni.

Wanafunzi wangu wawili walikuja kunisaidia. Ya bustanini tuliyakata alfajiri, kabla jua halijayanyonya maji, tukayakata mabua mshazari na kuyatumbukiza ndooni kwa saa kadhaa. Majani ambayo yangezama tuliyapukusa, kwani yakioza huyachafua maji na kuyafupishia maua uhai. Kisha tukatwaa chungu chenye mdomo mpana, tukatia kokoto kisipinduke, na juu yake wavu wa kuku uliofinyangwa kama mpira ili kila bua lipate pa kushika. Mafunjo na kangaga yalitangulia, maana ndiyo yanayolipa shada umbo. Mawaridi yakafuata, yaliyochanua zaidi yakikaa karibu na mdomo wa chungu. Bogenvilia ilitutia aibu: ilinyauka kabla ya adhuhuri, tukaing'oa.

Katika shughuli hiyo mwanafunzi mmoja akashika ua la michirizi akaniuliza, "Mwalimu, hili huitwaje kwa Kiswahili?" Nikamjibu kuwa ni ua. "Na hili?" Ua vilevile. Akatabasamu kwa adabu, nami nikaliona swali alilolimeza: daktari wa isimu, na msamiati ndio huu?

Ni rahisi mtu kukimbilia hukumu kwamba Kiswahili hakina majina ya maua. Hukumu hiyo nimeisikia hata katika vyumba vya walimu, na nakiri kwamba siku hiyo nilikaribia kuiamini.

Jioni mwalimu wetu aliliangalia shada, akalisifu, kisha akaliinamia na kunusa. "Mwanangu," akasema, "limependeza, lakini mbona halinukii?" Kweli. Waridi la biashara huteuliwa ili livumilie safari na likae siku nyingi majini, na aghalabu harufu ndiyo inayotolewa kafara. Akaomba uzi na sindano. Akachambua asumini na mrihani kutoka katika shada letu, akaanza kuwatungia wale vijana kikuba, kile kipambo cha kunukia ambacho wanawake wa pwani hukivaa kifuani au nyweleni. Akawaeleza kwamba kikuba hasa hutaka pia mkadi na kilua, akawatofautishia kikuba na koja la kuvaliwa shingoni. Kila jina lilikuja pamoja na kitendo chake.

Hapo ndipo nilipoweza kuchangia jambo. Kilua ni ua la mkilua, kichaka cha pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alikiingiza katika orodha ya sayansi kwa jina Mkilua fragrans. Jenasi nzima ya mimea, basi, inaitwa kwa neno la Kiswahili, kiambishi m- na vyote, na sisi tunaofundisha ngeli ya M-MI hatujawahi kulitumia kama mfano! Mkilua huzaa kilua, mwaridi huzaa waridi: somo zima la mofolojia limo katika kitalu.

Kisha kuna kile kitenzi alichokitumia. Maua hutungwa, ushanga hutungwa, na shairi hutungwa. Tumewatahini wanafunzi utungaji miaka nenda miaka rudi bila kuwapa uzi wala sindano. Waridi wanalijua kama sitiari ya mpenzi. Waulize lina miiba upande gani wa bua, watakodoa macho. Sidhani kamati ya istilahi itatuponya hapa, hata ikikutana kila wiki. Majina haya yaliishi mikononi mwa watu, na mikono ndiyo iliyoyaacha.

Juma lililofuata niliagiza darasa langu la mofolojia lije, kila mmoja na ua lake na jina lake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Maua yalijaa meza; majina yalikuwa machache. Kijana mmoja wa nyuma aliomba ruhusa ya kutoka nje, akampigia simu nyanyake kijijini, akarudi na majina matatu ameyaandika kiganjani.