Laptopu ‘ngumu’ kwa kazi za vumbi na mvua: Soma namba kabla hujalipa

Vumbi la Handeni halichagui. Linaingia kwenye kibodi, feni na tundu la chaji, na mwisho wake mashine inaishia kwa fundi. Korogwe, kando ya Mto Pangani, kuna joto na mvua inayomkuta mtu shambani au juu ya bodaboda.

Kwa mpima ardhi, bwana shamba au mtafiti, laptopu ikifa haipotei hela tu. Zinapotea pia taarifa za kijiji kizima. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Kazi ya aina hiyo inasimama juu ya kumbukumbu zisizopotea.

Ndiyo maana kuna laptopu zinazotengenezwa maalumu kwa kazi za nje. Panasonic ilianza kuuza Toughbook mwaka 1996, na leo wapo pia Getac na Dell. Shida ni kwamba neno “ngumu” linabandikwa hata kwenye mashine za kawaida.

IP inasema nini?

Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na inaishia 6. Ya pili ni ya maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na maji yanayorushwa kwa mpira hayaleti madhara.

Lakini kinga hiyo ipo tu kama vifuniko vya matundu vimefungwa. Na ukinunua ya mtumba, kagua mipira ya kuziba. Ikichakaa, namba hiyo haina maana tena.

‘Kipimo cha kijeshi’

MIL-STD-810 ni mwongozo wa majaribio wa jeshi la Marekani, na jeshi halimpi mtengenezaji cheti. Yeye ndiye anayechagua majaribio ya kufanya. Jaribio maarufu ni kuiangusha mara 26 kutoka sentimita 122, na mara hizo zinaweza kugawanywa kwa mashine hadi tano. Kwa hiyo muulize muuzaji: imeangushwa kutoka urefu gani, ikiwa imewashwa au imezimwa?

Kuandika na kugusa

Skrini nyingi, kama za simu, zinahisi umeme wa kidole. Matone ya mvua huzichanganya, na glavu za kawaida hazifanyi kazi. Skrini za mgandamizo zinakubali glavu, ukucha au kalamu, ila ni dhaifu kwa kutumia vidole viwili. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa mvua na wa glavu.

Kibodi ya mpira unaifuta kwa kitambaa tu, lakini vitufe vyake ni vigumu kidogo. Kwa kazi ya juani, tafuta skrini ya niti 1,000 hivi. Za kawaida zina kama 250 hadi 300.

Unaihitaji kweli?

Mashine hizi ni nzito na bei yake imechangamka. Kama kazi yako ni kujaza fomu tu, kishikwambi chenye kasha imara kinaweza kutosha. Sensa ya Agosti 2022 ilifanyika nchi nzima kwa vishikwambi.

Ila hata iliyo ngumu kuliko zote inaweza kuibiwa. Nakili taarifa zako mahali pengine kila jioni.