Usipojua pa kuanzia na mtoto, anza na hadithi

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki Musoma na Bunda nikiwasikiliza wauguzi wakizungumza na wasichana kuhusu hedhi, mimba za utotoni na virusi vya Ukimwi. Yote hayo nimeyaandika bila aibu. Lakini jioni moja, nyumbani Nyasho, mdogo wangu wa miaka 14 aliniuliza msichana anapataje mimba. Nikamjibu, “Utafundishwa shuleni,” kisha nikajifanya natafuta chaja ya simu.

Kilichotuokoa si makala zangu. Ni kitabu chembamba alichorudi nacho kutoka shule, tamthilia ya Kilio Chetu. Inaonyesha wazazi wanaowaficha watoto wao ukweli wakidhani kunyamaza ndiko kuwalinda, na watoto wanaokuja kuulipia ukimya huo. Alipomaliza aliniuliza, “Dada, hivi hawa wazazi walikuwa wanaogopa nini?”

Sikuwa na pa kujificha tena. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa.

Hadithi ina faida ambayo kipeperushi cha afya hakina: inamzungumzia mtu mwingine. Mtoto anaweza kumlaumu mhusika, kumhurumia au kumtetea bila kujitaja yeye mwenyewe. Na mzazi anaweza kujibu bila kutoa hotuba. Kwa hiyo, mzazi unayesoma ukurasa huu kwenye simu, hivi hapa vitabu ninavyovipendekeza kwa kila rika nyumbani kwako.

Wadogo, hadi miaka 9

Hapa huhitaji fedha. Anza na hadithi za Sungura na Fisi ulizosimuliwa na bibi yako, hata kama ni kwa Kijita, Kikwaya au Kizanaki. Ukisema “Hadithi, hadithi!” mtoto ataitikia tu. Ongeza visa vya Abunuwasi, kama kile cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa. Mtoto atacheka, kisha mwulize: aliyekubali kwamba sufuria imezaa, ana haki ya kukataa kwamba imekufa?

Kwa anayejifunza kusoma, tafuta vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991. Vingi vimefika kwenye shule za msingi, hivyo mwulize mwalimu. Na kama una bando, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili zenye picha. Unaweza kuzisoma na kuzipakua bila malipo.

Miaka 10 hadi 13

Watoto wa Mama N’tilie cha Emmanuel Mbogo kinawafuata watoto wa mama muuza chakula jijini Dar es Salaam. Shule inawashinda kwa kukosa mahitaji, baba ni mlevi, na maisha yanawasukuma hadi jalalani. Kina sehemu za majonzi, kwa hiyo kisomeni pamoja. Mtoto anayewaona wenzake wakiokota chupa stendi ya Bunda hatawaangalia tena kwa jicho lile lile.

Kwa anayejiandaa kuingia sekondari na anaogopa Kiingereza, mpe vitabu vya Richard Mabala. Hawa the Bus Driver kinamhusu mwanamke anayeendesha basi. Mabala the Farmer ni cha mfanyakazi wa kiwanda cha bia anayefukuzwa kazi kwa ulevi, anarudi kijijini akijiona anajua kilimo, na huko anakuta wanaofanya kazi hasa ni wanawake. Kiingereza chake ni chepesi na vinachekesha.

Vijana, miaka 14 na kuendelea

Mbali na Kilio Chetu, kuna vitabu viwili vya Kiingereza ambavyo vimesomwa sana katika sekondari zetu na vinatugusa watu wa Kanda ya Ziwa. Takadini cha Ben Hanson ni kisa cha mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Sisi tulioshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa katika mikoa yetu hatuwezi kukisoma kama jambo la mbali.

Cha pili ni Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone. Msichana wa miaka 14 anakwenda kumtembelea mama yake kijijini, na huko anatakiwa akeketwe. Anakataa, na shauri linafika mahakamani. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, kila likizo ya Desemba inapokaribia, nyumba salama za Butiama na Mugumu hujiandaa kupokea mabinti waliokimbia kwao. Usisubiri Desemba. Kisomeni sasa, na mvulana naye asome, kwa sababu ndiye mume na baba wa kesho.

Wewe mwenyewe

Bunda ina kivuko cha Kisorya kinachovuka kwenda Ukerewe, na ng’ambo hiyo ndiko walikotoka waandishi wawili ambao kila mzazi wa Mara angefaa kuwasoma.

Wa kwanza ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele, na kwa muda ikazuiwa mashuleni. Baba anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akimwogopa baba bila kujifunza kujilinda, na anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo, anapotea. Kina mambo mazito, yakiwamo utoaji mimba na kujiua. Soma wewe kwanza, kisha uamue kama kijana wako yuko tayari.

Wa pili ni Aniceti Kitereza. Kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ni kisa cha wanandoa wasiopata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke hadi wazazi wake wanamchukua, lakini mume anakwenda ukweni kumrudisha na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Kisha wanatafuta tiba pamoja. Neno hilo “pamoja” ndilo wauguzi wanalolirudia kila siku: tatizo la uzazi linaweza kutoka kwa mume au kwa mke, hivyo wote wawili wapimwe.

Namna ya kusoma

Soma kitabu kabla ya mtoto, au someni kwa zamu, dakika 15 baada ya chakula cha usiku. Uliza kuhusu mhusika, usimwulize mtoto kuhusu yeye. “Ungekuwa Hawa ungefanyaje?” inatosha. Akinyamaza, mwache. Atarudi mwenyewe.

Kama hela ya kununua hakuna, Musoma tuna maktaba ya mkoa, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuulizia vitabu hivi shuleni kwao. Na baba utakayesema huna muda, kumbuka jirani yetu wa Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyeanza darasa Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akiwa Rais.

Mdogo wangu sasa ananiuliza maswali ambayo bado yananitoa jasho. Lakini chaja siitafuti tena.