Undugu ni Kufaana

Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Handeni na Korogwe ni mashahidi.

Katika karne ya 19 Wazigua wengi walitekwa, wakauzwa hadi pwani ya Somalia. Waliojikomboa walilima kando ya mto Juba, wakakitunza Kizigua kizazi hadi kizazi. Vita vilivyozuka mwaka 1991 vikawatimua, na baadhi yao wakafika Handeni. Lugha ya mababu iliwafungulia mlango. Lakini kilichowarudishia undugu ni mashamba waliyogawiwa Chogo, na uraia ambao wengi walikuja kupewa.

Korogwe hata lugha moja ya mababu haikuwapo. Mashamba ya mkonge yalikusanya makabila yasiyojuana. Utani ndio uliowawezesha kucheka pamoja na kuzikana.

Basi, ndugu zetu wa visiwani, nanyi mlioshika kalamu za Serikali, tujihoji. Cheti chathibitisha jina. Utu wa mwenye jina hauandikiki. Afikaye mezani pako na shida yake, mjulie hali kwanza, ndipo ufungue jalada. Salamu haigharimu Hazina hata senti moja.