Mvua ya mawe Kapolowe: paa linagharimu nini?

Kapolowe, kipindi cha mvua, mawe yanaweza kutoboa malata kwa dakika chache tu. Hapo familia nyingi zinahesabu bei ya malata peke yake. Lakini kuna pia misumari, mbao zilizovunjika, usafiri wa kutoka Likasi na malipo ya fundi. Tena bei zinafuata dola: franka ikishuka, bati lile lile linapanda.

Kabla ya kulipa, mtu aangalie namba: BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. La bei ya chini linavutia, ila mawe yakirudi, mfuko unatoboka mara mbili. Pesa haitoshi? Afadhali kuanza na chumba wanamolala watoto, kwa bati zito, vingine vifuate.