Nilikwenda Zambia kuhubiri, nikahubiriwa mimi!

MPENZI msomaji, ukisikia mtu anakwenda "misheni nje ya nchi" usidhani lazima awe Mzungu mwenye kofia pana na Land Rover. Siku hizi hata sisi wa Ivuna tunakwenda. Unacheka? Subiri kwanza.

Ivuna yenyewe iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, bonde la Ziwa Rukwa. Ni nchi ya mpunga, ng'ombe na chumvi. Kwa taarifa yako, mgeni wake maarufu kuliko wote hakuja na basi. Alidondoka toka angani jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, kimondo cha gramu 705 tu, lakini wanasayansi wakalipa kundi zima la vimondo vya aina yake jina la Ivuna. Tumezoea basi kupokea wageni. Zamu hii tukasema na sisi tutoke.

Ilikuwa Agosti 2022. Kwaya ya vijana, watu 22, siku sita, mji wa Chinsali nchini Zambia. Mimi naishi Mbeya mjini, lakini kwaya ni ya nyumbani, nikaomba likizo nikajiunga. Nauli tulichangishana kwa mchele, kila mmoja debe moja, asiye na shamba akanunua sokoni. Tulikuwa na spika mbili, jenereta, sare mpya na ratiba iliyoshiba: asubuhi nyumba kwa nyumba, jioni mkutano wa hadhara.

Tunduma tukavuka. Tangu Oktoba 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, unagongewa mihuri yote sehemu moja. Raha iliyopo ni saa. Ukitoka Tanzania saa nne asubuhi, Zambia ni saa tatu. Mshikaji mmoja akapiga kelele kwamba Bwana ametuongezea saa nzima ya kuhubiri! Tukacheka mpaka Isoka.

ALIYETUTANGULIA

Chinsali wakatupokea kwa makofi. "Mwaiseni!" ndiyo karibu yao kwa Kibemba. Ugali ukaja na mboga ya viwavi vilivyokaushwa. Wa mjini, usikunje uso. Kule ni kitoweo cha heshima, na ukishazoea unaomba nyongeza.

Siku ya pili wenyeji wakatupeleka Lubwa. Hapo ndipo kiburi changu cha "misheni yetu ya kwanza" kilipopata saizi yake. Misheni ya Lubwa ilianzishwa mwaka 1905 na Mwafrika, David Kaunda, aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, ambako alisomeshwa na Waskochi wa Livingstonia. Hakuwa na spika. Alijifunza lugha ya watu, akafungua shule, akakaa. Uchungaji wenyewe alipewa mwaka 1930, baada ya miaka ishirini na tano ya kazi. Mwaka 1932 akafariki. Hapo hapo Lubwa ndipo alipozaliwa mwanawe Kenneth, mwaka 1924, yule aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia.

Miaka ishirini na tano, msomaji. Sisi tulikuwa na siku sita.

SWALI LA BIBI

Mimi na wenzangu wawili tulilala kwa bibi mmoja mjane. Kijana wa kanisa la pale, aliyewahi kufanya biashara Nakonde na kukijua Kiswahili, ndiye aliyetutafsiria. Usiku wa tatu, baada ya kula, kiongozi wetu akaanza kumweleza bibi kwa nini kanisa letu ndilo lenye mafundisho ya kweli. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu: "Wanangu, na msipokubaliana na jirani juu ya hilo, mnafanyaje?"

Tukanyamaza. Ndipo akatusimulia.

Mwaka 1953, katika kijiji cha Kasomo, wilaya hiyo hiyo ya Chinsali, mama mmoja, Alice Lenshina, alisema amekufa na kufufuka na kupewa ujumbe. Watu wakamfuata kwa maelfu, wakaacha uchawi, wakatunga nyimbo kwa lugha yao. Kanisa lake likaitwa Lumpa. Makanisa ya kimisheni yakakimbiwa, Lubwa ikiwemo. Baadaye waumini wa Lumpa wakakataa kadi za chama, wakahamia vijiji vyao wenyewe. Chuki ikapanda kati yao na wana-UNIP, nyumba zikachomwa. Julai 1964, miezi mitatu tu kabla ya uhuru, mapigano makubwa yakalipuka. Serikali iliyoongozwa na Kenneth Kaunda, mtoto wa mchungaji wa Lubwa, ikapeleka askari na kulipiga marufuku kanisa hilo. Watu zaidi ya 700 walikufa. Wengine walikimbilia Kongo. Lenshina mwenyewe alifariki mwaka 1978 akiwa bado chini ya ulinzi.

Bibi alikuwa mtoto. Baba yake alibaki Lubwa, mama yake alimfuata Lenshina. "Ndani ya nyumba moja," akasema. "Walianza kwa kutokula pamoja. Mengine yalikuja baadaye." Mama yake hakurudi. Bibi hakutaja nani alikuwa na haki. Alichoomba ni kitu kimoja: kwake tuimbe tutakavyo, ila tusiliseme vibaya kanisa la mtu.

Kesho yake ratiba ya nyumba kwa nyumba ikabadilika. Tulipita kusalimia, tukamchotea maji mgonjwa, tukapukuchua mahindi, tukaimba tulipoombwa. Kiongozi wetu hakufurahi sana, lakini watu walikuja jioni wengi kuliko siku zote.

GUNIA LILIVUKA UWANJA

Sasa kwa nini nasema nimebadilika? Kwa sababu maneno ya bibi, "walianza kwa kutokula pamoja", nayajua. Ni ya kwetu.

Baba mdogo alihamia kanisa la kilokole mwaka 2015. Baba akalichukulia kama tusi. Kwenye msiba wa shangazi wakabishana ni mchungaji gani azike, na tangu hapo hawakula meza moja, ilhali uwanja ni mmoja. Sisi watoto tuliambiwa mambo ya wakubwa tuwaachie wakubwa.

Niliporudi nilimsimulia baba habari ya Chinsali, yote, bila kumtaja mdogo wake. Akauliza, "Hiyo ndiyo misheni mliyochangiwa mchele?" Nikajibu, "Ndiyo, baba." Akavuta kiti akaenda kukaa nje peke yake. Nikajua nimeharibu.

Jumapili ile, baada ya ibada, akaniita: "Beba gunia hili la mchele, mpelekee baba yako mdogo. Usiseme neno." Nikabeba. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jioni gunia likarudi na chumvi ya Ivuna ndani, kibaba cha kutosha. Mama akaitia kwenye mboga usiku ule ule, baba akala, akasema imekolea.

Je, wamepatana? Bado hawajakaa meza moja. Lakini magunia yanatembea, na Krismasi iliyofuata walisalimiana kwa majina ya utotoni.

Kijana mwenzangu, ukipata nafasi ya kwenda misheni nje, nenda. Beba hati ya kusafiria, viatu vya vumbi, na tumbo lisilochagua. Jifunze salamu ya wenyeji kabla ya kujifunza mahubiri. Na ukirudi, angalia kwanza uwanja wa kwenu.

Ni hayo tu kwa leo.