Kwa nini rangi hubambuka kwenye garimoshi dogo la mvuke

Nchini Uingereza, ambako kuunda magarimoshi madogo yanayoendeshwa kwa mvuke halisi ni uraibu wa tangu jadi, fundi aweza kuchonga vyuma kwa miaka kadhaa, kisha rangi ikabambuka katika safari za mwanzo. Aghalabu kosa huwa si la rangi inayoonekana, bali la kilicho chini yake.

Mvuke ukifikia shinikizo la bar 5.5, joto ndani ya boila hukaribia nyuzi 160 za Selsiasi. Isitoshe, maji na mafuta huirukia mashine kila inapokwenda.

Chuma kilichosuguliwa kwa msasa hushika rangi ya msingi bila taabu. Shaba, iwe nyekundu au ya manjano, haiishiki vyema. Huhitaji rangi ya msingi yenye asidi ya fosfori, ambayo huuma uso wa madini hayo na kung'ang'ania. Hata hiyo haifai kitu iwapo masalio ya dawa ya kulehemia au mafuta ya vidole hayajaoshwa. Ndiyo maana mafundi huvaa glavu baada ya kusafisha, kisha hupaka tabaka jembamba.

Chumba cha moshi, kilicho na joto kupindukia, hupakwa rangi maalumu ya kuhimili moto. Fani za magurudumu hazipakwi kamwe.

Anayepuuza usafi huo hulazimika kuifungua mashine nzima, kukwangua rangi yote na kuanza upya.